Mbuzi Walia wa Milima ya Simien

Mkazi wa Buyenzi anaposikia jina la mbuzi, hukumbuka mnyama wa akika, wa Idi, au yule anayevutwa kwa kamba sokoni. Kaskazini mwa Ethiopia, katika milima ya Simien, yuko mbuzi mwingine asiyejua kamba wala mwenyewe. Huyo ni walia. Dume lake lina pembe zilizopinda nyuma kama jambia, zenye kupita hata mita moja, naye huishi kwenye magenge na nyasi za nyanda za juu, ambako kilele cha Ras Dashen kinazidi mita 4,500. Duniani kote hapatikani pengine.

Mjerumani Eduard Rüppell ndiye aliyemjulisha kwa wataalamu wa Ulaya mwaka 1835. Wenyeji wa milima ile, bila shaka, hawakuwa wakingoja kujulishwa. Bunduki za kisasa zilipoenea, hasa wakati wa uvamizi wa Waitalia kati ya 1936 na 1941, walia waliteketea. Kufikia miaka ya 1960 walisalia wapatao 150 tu. Serikali ya Mfalme Haile Selassie ikaitangaza Simien kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1969, na mwaka 1978 UNESCO ikaiingiza katika orodha ya kwanza kabisa ya Urithi wa Dunia.

Lakini hifadhi ile haikuwa nyika tupu. Walikuwamo watu waliolima shayiri miteremkoni na kulisha ng'ombe, kondoo na mbuzi wao. Mwananchi wa Burundi, ambaye shamba lake nalo hupanda mlima, hahitaji kufasiriwa jambo hilo. Mwaka 1996 Simien ikatiwa katika orodha ya urithi ulio hatarini. Mwaka 2016 wakazi wa kijiji cha Gich wakahamishiwa mji wa Debark na kulipwa fidia, ili nyasi zipate kupumua. Mwaka uliofuata Simien ikaondolewa katika orodha hiyo. Ushindi huo ulipigiwa makofi katika mikutano ya mbali. Walioulipia ni wale walioacha ardhi ya wazee wao.

Kumtwisha mkulima lawama yote si haki. Walia waliokwisha kuzidi 500 mwanzoni mwa karne hii wamepungua tena tangu vita vilivyozuka kaskazini mwa Ethiopia Novemba 2020, na mapigano ya jimbo la Amhara ya mwaka 2023, ambamo walinzi wa hifadhi hawakuweza kuzunguka magenge yao kama zamani.