Giama, Jama, Jaamac: Asili na Maana ya Jina Moja la Mpakani

Msomaji wa maandishi ya Kiitalia yahusuyo Somalia hukutana mara kwa mara na jina "Giama". Kwa sura, laweza kudhaniwa kuwa jina la ukoo wa Kiitalia, mithili ya Giannini. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba sivyo, na kwamba kosa hilo lina uzito kwa mhakiki wa fasihi na kwa mkazi wa Garissa pia.

Katika hijai ya Kiitalia, "gi" ikifuatwa na irabu nyingine husimama mahali pa "j" yetu. Giama, basi, ni Jama, kama Giuba ulivyo mto Juba. Jama ni mwandiko wa Waingereza, nao ndio uliozoeleka Kenya. Mwandiko rasmi wa Kisomali wa mwaka 1972 ulileta sura ya tatu, Jaamac, ambamo "c" ya mwisho ni ain ya Kiarabu. Ain hiyo, iliyoachwa na Waitalia na Waingereza, ndiyo ufunguo wa maana, kwani hutuelekeza kwenye mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kukusanya. Mzizi huo ndio uliokipa Kiswahili jamaa, jamii, jumuiya na Ijumaa.

Sura hizi zilitenganishwa na mpaka. Kwa mkataba wa mwaka 1924, Uingereza iliiachia Italia eneo la Jubaland, lililokuwa sehemu ya Kenya. Makabidhiano yakafanyika mwaka 1925. Waitalia wakaliita Oltregiuba, yaani ng'ambo ya Juba. Tangu hapo watu wa nasaba moja, huyu Garissa na yule Kismayu, waliweza kuandikwa Jama na Giama.

Aidha, kuna suala la muundo. Jina la ukoo la Kiitalia, kama Ferrari litokanalo na kazi ya uhunzi, hurithiwa bila kubadilika. Daftari za parokia zilizoagizwa na Mtaguso wa Trento mwaka 1563 zilisaidia kuliimarisha. Msomali hutaja jina lake, la baba na la babu. Halima binti wa Ali Jama Farah ni Halima Ali Jama: Farah hutoweka katika karatasi, lakini hubaki katika abtirsi, nasaba ikaririwayo kwa ghibu. Kwa hiyo jina la mwisho ni la babu, wala si la ukoo. Hata hivyo, kwa mwandishi kama Igiaba Scego, aliyezaliwa Roma mwaka 1974 kwa wazazi Wasomali, jina la Kisomali katika hijai ya Kiitalia limekuwa jina la ukoo lililo katika majalada ya vitabu.

Jambo hili si la wanaisimu peke yao. Mwezi wa Novemba 1989, Wasomali wa Kenya walitakiwa kuthibitisha uraia wao, wakiulizwa koo zao; waliokubaliwa wakapewa kadi za rangi ya waridi. Pale ambapo nasaba ni ushahidi wa uraia, tofauti ya herufi moja yaweza kumfanya baba na mwanawe waonekane watu wa koo mbili.

Twapendekeza, basi, kwamba mhakiki akutanapo na Giama alirejeshe kwanza kwenye matamshi, kisha kwenye mzizi, ndipo aulize ni jina la nani: la mwenyewe, la baba au la babu.