Ali Muhsin Barwani

Ali Muhsin Barwani (Zanzibar, 1919 – Maskati, 2006) alikuwa mhariri, mwanasiasa na waziri wa mambo ya nje katika serikali ya Zanzibar iliyopinduliwa tarehe 12 Januari 1964.

Alisomea kilimo Makerere, ila jina alilipata katika gazeti la Mwongozi, alilolihariri. Baadaye alikiongoza chama cha Zanzibar Nationalist Party, ambacho watu walikiita Hizbu na alama yake ilikuwa jogoo. Chimbuko la chama hicho ni wakulima wa Kiembesamaki, waliokuwa wamegombana na Waingereza juu ya ardhi na chanjo ya ng'ombe. Wanaokiita chama cha Waarabu tu hulisahau hilo.

Lakini mwenye kutaka kuyaelewa ya 1964 aanze na Julai 1957. Ali Muhsin aligombea kiti cha Ng'ambo, ng'ambo ya Mji Mkongwe, kwenye mitaa ya mahamali na vibarua. Mpinzani wake Abeid Amani Karume, kiongozi wa Afro-Shirazi (baadaye ASP), alipata kura 3,328, yeye 918. Hizbu ilijipanga upya, ikasomesha vijana nje na kuingia mashamba. Pengo la Ng'ambo halikuzibika. Desemba 1958 wote wawili walikuwa Accra, kwenye mkutano wa Waafrika ulioitishwa na Kwame Nkrumah wa Ghana, wakahimizwa kuungana. Suluhu haikudumu: uchaguzi wa Juni 1961 uliacha watu 68 wameuawa.

Katika uchaguzi wa Julai 1963 ASP ilipata zaidi ya nusu ya kura zote, lakini Hizbu na mshirika wake, chama cha Zanzibar and Pemba People's Party (ZPPP), wakapata viti 18 kati ya 31. Mohammed Shamte wa ZPPP akawa waziri mkuu, Ali Muhsin akashika mambo ya nje. Uhuru ulipatikana tarehe 10 Desemba. Siku sita baadaye Zanzibar iliingia Umoja wa Mataifa, siku moja na Kenya. Balozi za nchi hiyo hazikuwahi hata kuota mizizi. Serikali yenyewe iliishi siku 33.

Baada ya mapinduzi Ali Muhsin alifungwa miaka kumi katika magereza ya Tanzania Bara bila kufikishwa mahakamani, dhuluma ambayo hakuna mapinduzi yanayoweza kuihalalisha. Alipoachiwa 1974 alitoroka kupitia Kenya, akaishi Cairo, kisha Ghuba. Huko uhamishoni aliandika kumbukumbu zake, na akaifasiri Qur'ani kwa Kiswahili, tafsiri inayosomwa hadi leo.