Kigori, Mwari na Mtoto: Majina ya Rika na Hesabu ya Miaka katika Sheria

Kiswahili cha pwani kilimpima kijana kwa hali yake, si kwa miaka. Msichana aliyekaribia kubalehe aliitwa kigori. Alipovunja ungo, akawekwa ndani na kufundishwa na kungwi, alikuwa mwari. Mvulana aliyebaleghe naye hajaoa aliitwa barobaro. Hata neno kijana, ambalo shina lake ni lile lile la mwana, hutumika kwa mtu wa miaka 14 na wa miaka 30 pia. Tusidhani kuwa majina hayo yalimpa kauli. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, ndiyo methali aliyolelewa nayo. Humo kijana ni msikiaji, si msemaji.

Sheria ya maandishi ilileta hesabu ya miaka. Mtu angetazamia kuwa hesabu ingemweka kijana mahali pamoja panapojulikana. Haikuwa hivyo. Nataka kuonyesha, kwa mfano wa Tanzania Bara, kwamba tarakimu nazo ziligeuka, na zilipogeuka hazikumfaa kijana.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 13, iliweka miaka 18 kwa mwanamume na 15 kwa mwanamke. Kifungu cha 17 kikadai ridhaa ya mzazi au mlezi kwa msichana aliye chini ya miaka 18. Yaani alikuwa mkubwa wa kuolewa, lakini mdogo wa kukata shauri peke yake. Katiba ya mwaka 1977 ilimtaka angoje miaka 18 ndipo apige kura. Kisha Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 ikatamka kwamba kila aliye chini ya miaka 18 ni mtoto. Basi msichana mmoja, siku moja, aliweza kuwa mke kwa sheria hii na mtoto kwa sheria ile.

Shule nayo ilikuwa na neno lake. Kanuni za mwaka 2002 za kufukuza wanafunzi ziliitaja ndoa kuwa sababu mojawapo. Lililoruhusiwa mwaka 1971 likawa la kuadhibiwa. Mimba haikutajwa kwa jina, lakini maneno “kosa dhidi ya maadili” yalifasiriwa kuwa ndiyo mimba, na wasichana wengi wakatolewa madarasani. Aliyefasiri alikuwa mtu mzima. Aliyelipa alikuwa kijana. Novemba 2021 Serikali iliwaruhusu kurudi baada ya kujifungua.

Mwaka 2016, katika shauri lililofunguliwa na Rebeca Gyumi, Mahakama Kuu iliamua kwamba vifungu vya 13 na 17 vyapingana na Katiba, ikaipa Serikali mwaka mmoja kuvisahihisha. Serikali ilikata rufani, ikitetea kuwa umri ule ulizingatia mila na dini. Mahakama ya Rufani iliikataa rufani hiyo mwaka 2019.

Sisi watunga kamusi hatuko mbali na mambo haya. Fasili tuiandikayo ya mtoto au kijana yaweza kushikwa na hakimu, mwalimu mkuu au mzazi. Na iwapo mila yatajwa, isomwe yote. Mwari alifundishwa mambo ya ndoa, ni kweli. Lakini jina lenyewe ni la mtu aliye bado chini ya mwalimu. Kumtoa darasani kwa jina la mila ni kuisoma mila nusu.