Wasomaji wa Hadithi za Ajabu na Simba wa Singida

Wako watu wa elimu wanaozihesabu hadithi za ajabu kuwa ni chakula cha watoto. Majini, nyoka wa vichwa saba, watu waliogeuzwa manyani na nchi zinazoelea hewani, kwao ni mambo ya kumlaza mtoto. Na mtu mzima anayeyasoma na kuyajadili na wenzake, huyo apoteza wakati wake. Maoni hayo yana nguvu hata leo, na nguvu yake yatokana na kudhani kwamba asomaye ajabu huiamini. Historia ya wasomaji wa Kiswahili yaonyesha kinyume. Tangu zamani hadithi ya ajabu ilikuwa jambo la kubishaniwa barazani, na katika kubishana huko watu walijifunza kupambanua lililosemwa na lililo kweli. Wala jambo hili si dogo. Katika nchi ya Singida, katikati ya karne ya ishirini, ugumu wa kupambanua mambo hayo mawili uligharimu roho za watu.

Msingi wa desturi hiyo waonekana katika mlango wa hadithi yenyewe. Msimulizi asema "Paukwa", nao wasikilizaji hujibu "Pakawa", na pasipo jibu hilo hadithi haiendi mbele. Kwa kujibu, wasikilizaji wakubali kuingia katika nchi isiyo ya kawaida, lakini waingia kwa hiari yao, wakijua kwamba wamevuka kizingiti. Katikati ya hadithi wana haki ya kuitikia wimbo, ya kuuliza, na ya kumkumbusha msimulizi alichokiruka. Hadithi ikiisha, wana haki ya kusema ni nani aliyetenda haki na ni nani aliyedhulumu. Hadithi isiyozusha neno lolote baada ya kwisha, hiyo haikukolea.

Edward Steere, aliyefika Unguja mwaka 1864 pamoja na Askofu Tozer, na ambaye baadaye alikuwa askofu yeye mwenyewe, alizikusanya hadithi za wenyeji akazichapisha London mwaka 1870. Miongoni mwake imo ile ya maskini aliyechakura jaani akaokota thumuni, akanunua paa. Paa akamtajirisha na kumwoza binti wa sultani, na mwisho alipougua bwana wake akamdharau mpaka akafa. Asubuhi yake bwana yule ajiona yuko jaani pale pale, akichakura. Je, alinyang'anywa utajiri kwa kukosa shukrani, au hakuwa nao kamwe ila ndotoni? Hadithi haikusema, ikawaachia wasikilizaji wagombanie.

Imo pia hadithi ya Sultani Majinuni na paka wake. Paka ala mifugo ya watu, na kila wakimshitaki sultani ajibu kwamba paka ni wake na vilivyoliwa ni vyake. Hatambui kwamba paka amekwisha kuwa Nunda mla watu mpaka amewala wanawe mwenyewe. Hapo mwana mdogo atoka kwenda kumtafuta. Aua mnyama mmoja baada ya mwingine, wa kwanza mdogo na wa mwisho mkubwa sana, na kila mara amburura mpaka nyumbani kwa furaha. Kila mara mama yake amtazama mnyama yule na kumjibu kwamba siye. Yafaa kuliangalia sana jibu la mama huyo. Hakuikana habari ya Nunda, wala hakukubali kwamba kila kilicholetwa mbele yake ni Nunda. Alizitaka alama. Huyo ndiye msikilizaji mwenyewe wa hadithi za ajabu, naye amewekwa ndani ya hadithi ili awe mfano.

Uchapaji ulipoenea, baraza halikuvunjika, bali lilipanuka. Gazeti la Mambo Leo lilianza kutoka Dar es Salaam mwezi wa Januari 1923 chini ya Idara ya Elimu ya Tanganyika, likawa na hadithi, mashairi na barua za wasomaji. Frederick Johnson, aliyekuwa katibu wa kwanza wa Kamati ya Lugha ya Afrika ya Mashariki iliyoundwa mwaka 1930, alifasiri Mashimo ya Mfalme Sulemani, kilichotoka mwaka 1929, na Safari za Gulliver, kilichotoka mwaka 1932. Katika miaka hiyo hiyo Alfu Lela Ulela ilipatikana kwa Kiswahili, na mwaka 1940 kikatoka Elisi katika Nchi ya Ajabu, ambacho ndani yake msichana wa Kiingereza amechorwa kuwa msichana wa Kiafrika. Vitabu vilikuwa vichache na waliojua kusoma walikuwa wachache vile vile. Kwa hiyo kitabu kilipita mkono hata mkono, na aliyejua kusoma aliwasomea wasiojua. Kusoma peke yako na kunyamaza kulikuwa anasa.

Singida ilikuwa mbali na pwani, lakini haikuwa mbali na hadithi. Wanyaturu na Wanyiramba walikuwa na ngano zao wenyewe, na Kiswahili kiliwafikia kwa njia ya shule, misheni, boma na soko. Mtu aliyekaa karibu na maziwa ya Singidani na Kindai, katika mji ambao leo Utemini ni mojawapo ya kata zake, aliweza kusikia mambo ya ajabu kwa lugha mbili. Na katika miaka ya 1946 hadi 1948 ajabu ilitoka katika hadithi ikaingia njiani. Watu walikutwa wameuawa, miili yao ina majeraha yaliyofanana na ya kucha za simba.

Kisa hicho kimoja kilisomwa kwa namna tatu. Wako waliosema kwamba hao ni simba wa porini, basi. Wako waliosema kwamba ni simba waliotumwa na wachawi, au kwamba ni watu wenye uwezo wa kugeuka simba. Na wako waliosema kwamba ni watu kamili, waliovaa ngozi ya simba na kushika silaha iliyofanana na kucha. Serikali ilifanya upelelezi, kesi zikasikilizwa, na baadhi ya washitakiwa wakahukumiwa kunyongwa. Waliosema neno la tatu ndio waliothibitishwa na mahakama. Waswahili husema, kikulacho ki nguoni mwako. Hapa nguo yenyewe ilikuwa ngozi ya simba.

Walakini isidhaniwe kwamba fundisho la Singida ni kuikataa kila habari ya simba. Katika miaka hiyo hiyo, huko Njombe katika nyanda za juu za kusini, watu wengi sana waliliwa, na wenyeji wengi walishika kwamba simba wale si simba tu, bali wametumwa kwa uchawi. George Rushby, Bwana Nyama wa serikali, aliwawinda akawaua simba kadha wa kadha, na mwisho wa mwaka 1947 balaa lile likakoma. Njombe mla watu alikuwa simba kweli. Singida mla watu alikuwa mtu. Hadithi iliyosimuliwa mahali pote pawili ilikuwa karibu moja, yaani simba ambaye ndani yake mna nia ya mtu, na pote pawili iliuficha ukweli, kila mahali kwa namna yake. Njombe iliwafanya watu wamtafute mchawi wakati wa kumtafuta mnyama. Singida iliwapa wauaji mahali pa kujificha. Kwani amwogopaye mtu anayegeuka simba hatathubutu kuinua ngozi atazame ni nani aliyemo. Asiye na mazoea ya kudai alama, kama mama wa hadithi ya Nunda, angezijuaje njia hizi mbili?

Kwa mtu wa Singida aliyekifungua kitabu cha Shaaban Robert kiitwacho Adili na Nduguze, kilichotoka mwaka 1952, habari ya watu kugeuka wanyama haikuwa mchezo wa maneno. Ndani yake ndugu wawili wenye choyo wamegeuzwa manyani kwa kumtenda ubaya ndugu yao, naye Adili ameamriwa awapige kila usiku, na awapigapo hulia. Shaaban Robert hapa ni mwandishi, lakini ni msomaji kwanza. Kisa chake chatokana na hadithi iliyomo katika Alfu Lela Ulela, na huko ndugu wabaya waligeuzwa mbwa, wakasamehewa, wakarudia ubaya, na mwisho wakanyongwa. Shaaban aliwafanya manyani, akawarudishia utu, akawapatanisha na ndugu yao. Mabadiliko hayo ni maoni ya msomaji juu ya kitabu alichokisoma. Kana kwamba alikaa barazani, hadithi ikaisha, akasema kwamba hukumu ile hakuridhika nayo. Tena alionyesha kwamba katika ajabu ya kugeuka mnyama, linalostahili kuulizwa ni tabia iliyomgeuza mtu. Mwaka mmoja kabla yake alikuwa amekwisha kuitoa Kusadikika, habari ya nchi iliyo hewani, nao waliokisoma kitabu hicho walijua kuitafuta nchi hiyo ardhini.

Mwaka huo huo wa 1952, Amos Tutuola wa Nigeria alichapishiwa London kitabu chake The Palm-Wine Drinkard, habari ya mtu aliyekwenda kumfuata mgema wake katika mji wa wafu. Wageni walikisifu, wengi wa wananchi wenzake waliosoma walikionea haya, wakihofu kwamba walimwengu watadhani Waafrika wote huyaamini mambo hayo. Haya hiyo ni ndugu wa maoni yaliyotajwa mwanzo wa makala haya. Ni ajabu kwamba Waingereza hawakujihofia hivyo. Huko Oxford, katika miaka ya 1930 na 1940, J. R. R. Tolkien, C. S. Lewis na rafiki zao walikuwa wakikutana usiku wa Alhamisi, mmoja akisoma alichokiandika cha majitu na wachawi, na wenzake wakimkosoa uso kwa uso. The Lord of the Rings, kilichotoka mwaka 1954 na 1955, kilisikiwa na kubishaniwa kabla hakijasomwa. Hakuna aliyesema kwamba walimu wale wa chuo kikuu wameshindwa kutofautisha Oxford na nchi ya majitu.

Kiswahili nacho kilimpata mtetezi wa upambanuzi. Muhammed Said Abdulla wa Unguja alishinda shindano la uandishi la miaka ya 1957 na 1958 kwa Mzimu wa Watu wa Kale, kilichochapishwa mwaka 1960. Mzimu waogopwa, maiti yaonekana, na kila mtu asema lake. Lakini Bwana Msa, akivuta kiko chake, aliiacha hofu akafuata alama, mpaka akamfikia mwanadamu. Ni njia ile ile ambayo wapelelezi wa Singida walitakiwa kuipita miaka kumi kabla yake. Msomaji aliyemfuata Bwana Msa kitabu kizima alikuwa amefunzwa kuinua ngozi.

Baadaye ajabu ilirudi kwa sura nyingine. Euphrase Kezilahabi alitoa Nagona mwaka 1990 na Mzingile mwaka 1991, vitabu vyembamba visivyofuata mwendo wa kawaida wa riwaya, na wasomaji wakagawanyika. Wengine waliona kwamba amewafungia mlango. Wengine, kwamba ameufungua mlango uliokuwa umefungwa tangu siku za ngano. Said Ahmed Mohamed akafuata na Babu Alipofufuka mwaka 2001, ambamo marehemu aja kumsuta mjukuu wake mwenye cheo, na K. W. Wamitila akatoa Bina-Adamu! mwaka 2002. Vitabu hivi vimezungumzwa sana katika vyuo vikuu. Nje ya vyuo mazungumzo ni haba, na sababu moja yajulikana. Mwanafunzi akutanaye na riwaya kwa ajili ya mtihani tu hujifunza kutaja dhamira na fani kama zilivyoandikwa daftarini. Haulizwi kama alikubali. Hujibu "Pakawa" kisha hunyamaza mpaka mwisho.

Hasara ya kunyamaza huko si ya fasihi peke yake. Katika miaka ya 2007 hadi 2009, na hata baadaye, watu wenye ualbino waliuawa katika mikoa ya Kanda ya Ziwa, iliyo jirani na Singida, kwa sababu ya hadithi iliyosema kwamba viungo vyao huleta utajiri. Mwaka 2015 serikali iliwapiga marufuku waganga wapiga ramli chonganishi. Sheria yaweza kumfunga mganga, lakini haiwezi kumfundisha mteja wake kuuliza ni nani anufaikaye na hadithi hii, na alama zake ziko wapi. Hilo hufundishwa mahali ambapo hadithi yaweza kupingwa pasipo hofu, yaani miongoni mwa wasomaji, juu ya majini ya kitabuni, ambayo hayamdhuru mtu.

Kwa hiyo vijana wa Utemini wakikaa jioni na kugombana kama yule maskini wa jaani aliota au hakuota, na kama Adili alifanya vema kuwasamehe nduguze, hawapotezi wakati. Wanaifanya kazi ambayo wazee wao wa mwaka 1946 waliihitaji sana, walipokuwa wakisikia kwamba simba ameonekana njiani usiku, na hapana aliyejua kama ana miguu minne au miwili.