Mgongo Usio na Kioo: Kulungu Mtakatifu wa Kijapani katika Sanamu za Kohei Nawa

Katika mapokeo ya Shinto, baadhi ya wanyama huhesabiwa kuwa wajumbe wa miungu na walinzi wa mahali patakatifu. Kulungu wa Nara ni miongoni mwao. Simulizi za hekalu la Kasuga, ambalo kwa mapokeo liliasisiwa mwaka 768, hueleza kwamba mungu Takemikazuchi alitoka Kashima akiwa amempanda kulungu mweupe. Michoro ya kidini ya zama za kati humwonyesha kulungu huyo akiwa na tandiko lililobeba tawi la mti wa sakaki na kioo cha duara. Mara nyingi mpandaji hachorwi. Kioo ndicho kinachoashiria uwepo wake. Utakatifu wa mnyama, basi, ulitokana na mzigo wake.

Mchongaji Kohei Nawa, aliyezaliwa mwaka 1975, ameupokea mfano huo na kuubadili. Katika PixCell-Deer#24 ya mwaka 2011, iliyomo katika makumbusho ya Metropolitan, New York, mwili wa kulungu aliyekaushwa umefunikwa kwa tufe za kioo za ukubwa mbalimbali. Tandiko halipo tena. Kioo kimehama kutoka mgongoni na kuwa ngozi.

Hatua ya pili ni White Deer (Oshika) ya mwaka 2017: kulungu mweupe mwenye kimo cha yapata mita 6, aliyesimamishwa ufukweni Ogihama, katika rasi ya Oshika iliyopigwa na tsunami ya Machi 11, 2011. Hapa linazuka swali zito: mlinzi anayewekwa baada ya maafa analinda nini? Mazingira yenyewe hayatoi jibu moja. Katika kisiwa jirani cha Kinkasan kulungu huheshimiwa kama wajumbe wa miungu, ilhali katika rasi huwindwa ili kupunguza idadi yao.

Yawezekana kuisoma sanamu hii kuwa kurejea kwa mlinzi wa kale. Hata hivyo, umbo lake halikubaliani kikamilifu na usomaji huo: mgongo ni mtupu, hauna tandiko wala kioo, na mnyama hasimami langoni pa hekalu lolote. Kulungu wa Kasuga alithibitisha kwamba mungu amefika. Kulungu wa Ogihama anashuhudia waliotoweka, na ulinzi uliobaki kwake ni ule wa kumbukumbu.