Usawiri wa Wahusika: Kutoka Adili hadi Rosa

Mtahiniwa akiulizwa sifa za Zakaria katika Rosa Mistika, aghalabu huandika: ni mlevi, ni mkali, ni katili. Sifa hizo si za uongo, lakini zinamwacha Zakaria peke yake, kana kwamba hana jirani wala desturi. Mazoea haya ya kujibu yana historia.

Katika Adili na Nduguze (1952), Shaaban Robert aliwaita ndugu watatu Adili, Hasidi na Mwivu. Jina lilikuwa tabia yenyewe. Huo ni mkondo wa ngano na hekaya: msomaji hupokea funzo, haulizi Hasidi aliupata wapi uhasidi wake.

Mwaka 1971 Euphrase Kezilahabi alilileta swali hilo. Rosa wa Ukerewe analelewa kwa kipigo na kukatazwa wavulana. Akifika mbali na macho ya babake, shuleni na kisha katika chuo cha ualimu, hajui kujichunga, kwani kilichomchunga nyumbani kilikuwa hofu. Mwishowe Charles anamkataa kwa kuwa si bikira, naye anajiua. Je, kosa ni la Rosa pekee? Riwaya hiyo iliwahi kupigwa marufuku katika shule za Tanzania, lakini swali lake halikufa.

Saikolojia ya jamii hueleza kwa nini swali hilo hutuponyoka. Mwaka 1967 Edward Jones na Victor Harris, wataalamu wa Marekani, waliwapa wanafunzi insha kuhusu Fidel Castro. Hata walipoelezwa kwamba mwandishi alipangiwa upande wa kutetea, wasomaji bado walielekea kuamini kuwa aliyemtetea Castro alimuunga mkono kwa dhati. Mwaka 1977 Lee Ross aliupa mwelekeo huu jina la kosa la msingi: kumwona mtu tusione mazingira yanayomsukuma.

Mwalimu anaweza kuanzia nje ya lango la shule. Hapa Kahawa Wendani, makanga akiwafokea abiria jioni, mwanafunzi atasema ni mkorofi. Na amuulize: mwenye matatu anangoja fedha ngapi usiku huu? Foleni ya barabara ya Thika imemla saa ngapi? Nyumbani kwake anazungumzaje? Ufokaji hauhalalishwi, ila unaeleweka. Makanga wa insha atakayeandikwa baada ya maswali hayo atakuwa mtu.

Katika mtihani, basi, sifa ifuatwe na tendo, na tendo lifuatwe na msukumo. Zakaria ni mkali. Anampiga Rosa kwa ajili ya barua ya Charles. Katika jamii yake, heshima ya baba hupimwa kwa mwenendo wa bintiye.

Nasi walimu tujipime. Ni mara ngapi tumeandika "mvivu" katika ripoti ya muhula bila kuuliza mtoto hulala saa ngapi, na wapi?