Saa ya Redio Kando ya Kitanda

Msomaji mpendwa, usingizi ni ndugu wa mauti. Alalaye hana habari ya dunia, na dunia haimngoji. Kwa sababu hiyo binadamu tangu kale alitafuta mlinzi wa kumwamsha pindi kazi yake inapowadia. Jogoo alimwamsha mkulima, adhana ikamwamsha mwenye kuswali, na kengele ikamwamsha mwanafunzi wa bweni. Leo nataka tumtazame pamoja mlinzi mmoja mdogo asiye na uhai, naye ni saa ya redio: kile kisanduku kikaacho kando ya kitanda, chenye tarakimu za kung'aa usoni na sauti ya watangazaji tumboni. Labda wadhani kuwa kisanduku hicho hakina historia. Mimi pia nilidhani hivyo, hata siku kiliponitia aibuni.

Nilikuwa katika mwaka wangu wa mwisho wa chuo cha ualimu, nami nilipanga chumba nje ya chuo. Mjomba wangu alirejea kutoka Marekani, akanizawadia saa ya redio aliyokuwa akiitumia huko. Pamoja nayo alinipa transfoma, kwa maana umeme wa majumbani Marekani una nguvu ya volti 120, na wetu una volti 240. Bila ya transfoma kifaa kingeungua. Siku iliyofuata ilikuwa siku ya mtihani wangu wa kufundisha. Ilinipasa kupanda basi la saa kumi na mbili asubuhi, ili saa mbili niwe mbele ya darasa, na mkaguzi aketi nyuma anisikilize. Usiku, ilipotimia saa tatu, niliilinganisha saa ile na saa ya mkononi ya mjomba, nikaitega iniamshe saa kumi na moja alfajiri, nikalala usingizi wa mtu asiyedaiwa.

Redio ilifunguka kama nilivyoagiza. Nilifumbua macho nikaziona tarakimu zikisema 5:00, maana yake saa kumi na moja kamili. Lakini chumba kilijaa nuru. Kifaa kilisema alfajiri, na dirisha likasema asubuhi. Ningali nashangaa, mtangazaji akawaarifu wasikilizaji wake kuwa sasa ni saa kumi na mbili na dakika thelathini na sita. Ndani ya sanduku moja, saa ilinidanganya na redio ikaniambia kweli.

Basi lilikuwa limekwisha kwenda. Nilipofika shuleni, kipindi changu kilikuwa kimepita. Watoto wapatao arobaini walikuwa wamekaa muda wote huo mbele ya ubao mtupu, na mkaguzi alikuwa mlangoni, karatasi zake zimekwisha kukunjwa. Nilimweleza kwa pumzi za mbio kuwa saa ndiyo iliyokosa. Alinitazama kwa upole, akauliza, "Na nani aliyeitega, mwalimu?" Sikuwa na jibu. Nililazimika kuyarudia mazoezi ya kufundisha muhula uliofuata, na wenzangu wakahitimu mimi nikiwapigia makofi.

Kosa lilikuwa wapi? Umeme haukukatika usiku ule. Saa haikuwa mbovu, kwani kwa mjomba ilikuwa imetumika miaka mingi bila ya lawama. Ili kulijibu swali hili hatuna budi kurudi nyuma.

Saa za zamani zilikuwa na nguvu ndani yake zenyewe. Ziliendeshwa na uzito ulioning'inia au na kamani iliyozungushwa kwa ufunguo. Mnamo mwaka 1787 fundi wa saa aitwaye Levi Hutchins, wa mji wa Concord katika jimbo la New Hampshire, Marekani, alijitengenezea saa ya kumwamsha. Yasimuliwa kuwa iliweza kulia saa kumi alfajiri tu, wala si wakati mwingine wowote. Ilikuwa mtumishi ajuaye amri moja. Mwaka 1847 Mfaransa Antoine Redier alipata hataza ya saa ambayo mwenyewe aliweza kuichagulia wakati wa kulia. Saa kama hizo ziliweza kukimbia au kuchelewa kidogo, kila moja kwa tabia yake, na mwenye nyumba aliizoea ya kwake kama mtu azoeavyo punda wake.

Kisha ukaja umeme, na mambo yakageuka. Mkondo wa umeme wa majumbani hauendi upande mmoja kama maji ya mto. Huenda na kurudi, huenda na kurudi, mara nyingi katika kila sekunde. Mmarekani Henry Warren alitengeneza mota ndogo iliyofuata mwendo huo hatua kwa hatua, kama askari afuatavyo ngoma, nayo mota ikazungusha akrabu za saa. Saa ya namna hii haikuhitaji kamani wala ufunguo. Lakini Warren aligundua tatizo: mitambo ya umeme ya siku zile haikuwa na mwendo ulio sawa, na ngoma ikienda kombo, askari naye huenda kombo. Basi akaunda saa kuu ya kuwekwa katika kituo cha umeme, yenye akrabu mbili. Moja iliendeshwa na pendulamu, na ya pili iliendeshwa na umeme wa kituo chenyewe. Kazi ya mafundi ilikuwa kuiongoza mitambo ili akrabu hizo zisiachane. Mwaka 1916 saa kuu ya namna hiyo iliwekwa katika kituo cha umeme mjini Boston. Tangu hapo kila saa ya umeme iliyochomekwa ukutani ilikuwa ikihesabu ngoma iliyopigwa mbali, katika kituo ambacho mwenye saa hakupata kukiona.

Hapa, msomaji, ndipo siri ya aibu yangu ilipojificha. Huko Marekani umeme huenda na kurudi mara 60 kila sekunde. Hapa kwetu Kenya ni mara 50. Transfoma ya mjomba ilibadili nguvu ya umeme, lakini haikugusa idadi hiyo. Saa ile ilikuwa imeundwa ihesabu 60 ndipo iseme sekunde moja imepita, nasi tuliipa 50. Kwa hiyo kila ilipopita saa moja, yenyewe ilihesabu dakika 50 tu. Ili itimize saa yake moja, ilihitaji dakika zetu 72. Tangu saa tatu usiku hadi saa kumi na moja alfajiri ni saa nane. Zidisha mara 72 upate dakika 576, yaani saa tisa na dakika 36. Ongeza muda huo juu ya saa tatu usiku, utaangukia saa kumi na mbili na dakika thelathini na sita, barabara. Nilisema kuwa saa ilinidanganya, na sasa nairudisha kauli yangu. Ilihesabu vema kabisa, ila ilihesabu kwa hesabu ya nchi nyingine.

Je, redio nayo, kwa nini ilisema kweli? Kwa sababu redio haihesabu. Hupokea habari kutoka kwa wanaohesabu kwa niaba ya watu wote. Tarehe 5 Februari 1924 shirika la BBC la Uingereza lilianza kurusha hewani milio sita mifupi iliyotoka katika kituo cha unajimu cha Greenwich, ili kila msikilizaji alinganishe saa yake. Mjini Nairobi matangazo ya redio yalianza mwaka 1928. Baada ya uhuru, mwaka 1964, redio ya taifa iliitwa Sauti ya Kenya, na mwaka 1989 ikarudia jina la KBC. Mtangazaji alipotamka saa kabla ya habari, mwenye duka wa Lamu na mfugaji wa Kajiado waliweza kuzilinganisha saa zao kwa neno moja.

Katika miaka ya 1940 Wamarekani waliviunganisha vitu hivi viwili katika sanduku moja. Saa ilipewa swichi, na wakati uliotegwa ulipowadia swichi ilijifunga na redio ikaanza kunena. Redio za wakati huo zilitumia valvu za kioo, ambazo sharti zipate moto kwanza, hivyo sauti ilikawia kidogo kutoka. Mwaka 1947 wataalamu wa maabara za Bell nchini Marekani waligundua transista, na katika miaka iliyofuata redio zikawa ndogo na nyepesi. Mwaka 1956 kampuni ya General Electric ilileta saa yenye kitufe cha kusinzia, ambacho ukikigusa kengele hunyamaza kwa dakika chache kisha hurejea. Mvumbuzi alikusudia huruma. Lakini haba na haba hujaza kibaba, na dakika chache za kusinzia zimewapotezea wengi asubuhi nzima.

Fauka ya hayo, usidhani kuwa hizo saa zenyewe za nchi zilishuka pamoja na mvua. Ziliwekwa na watu kwa sheria, na watu wakazibadili. Tangu mwanzo wa mwaka 1937 saa za Kenya zilikuwa zikitangulia zile za Greenwich kwa saa 2 na dakika 45. Mwezi wa Agosti mwaka 1942 zikafanywa kutangulia kwa saa 3 kamili, nazo zimebaki hivyo hata leo. Nasi Waswahili tuna hesabu yetu ya kale zaidi: kwa kuwa twakaa karibu na Ikweta, ambapo usiku na mchana hukaribia kulingana mwaka mzima, sisi huanza kuhesabu saa za mchana jua lichomozapo, na za usiku jua lituapo. Kisanduku hakiijui hesabu hiyo. Chenyewe huanza kuhesabu usiku wa manane na adhuhuri.

Sasa, ewe msomaji, ukijaliwa kuwa na saa ya redio, itumie kama mtu ajuaye. Kwanza igeuze, usome maandishi yaliyo chini yake kabla ya kuichomeka. Tazama kama yataja volti 240 na tarakimu 50 karibu na herufi Hz. Baadhi ya saa zina swichi ndogo ya kuchagua kati ya 50 na 60. Isogeze penye 50. Ikiwa ni ya 60 tu, ifanye redio, wala usiifanye saa.

Pili, tia betri katika kijumba chake ikiwa inacho. Umeme ukikatika usiku, tarakimu zaweza kuzimika, lakini betri huendeleza hesabu gizani. Pasipo betri, umeme urudipo aghalabu utaziona tarakimu zikimetameta 12:00, na kengele uliyoitega haitakuwa na maana.

Tatu, linganisha saa na redio, si na saa ya jirani. Ngoja mtangazaji ataje wakati. Kumbuka kuondoa au kuongeza sita: saa kumi na moja ya alfajiri ni 5:00, na saa moja ya asubuhi ni 7:00. Zitazame pia herufi AM na PM, au ile nukta ndogo ishikayo mahali pake. AM ni tangu usiku wa manane hadi adhuhuri. PM ni tangu adhuhuri hadi usiku wa manane. Aliyetega 5:00 ya PM ataamshwa jioni, siku ya kazi imekwisha kwenda zake.

Nne, chagua sauti ya kukuamsha. Muziki laini humbembeleza mlalaji arudi usingizini. Sauti ya habari au mlio wa kengele humnyanyua. Ikiwa redio ni ya kuzungusha kwa mkono, hakikisha umekaa juu ya stesheni iliyo wazi ambayo alfajiri huwa hewani, na sauti usiipunguze mno. Kisanduku kiweke mbali kidogo, mkono usikifikie pasipo mwili kuinuka.

Tano, kijaribu mchana kabla ya kukitegemea usiku. Kilinganishe na redio, kisha urudi baada ya saa moja ulinganishe tena. Lau ningalifanya jambo hili moja, ningaliona dakika 10 zimepotea, na wale watoto wangalimpata mwalimu wao.

Saa ile ya mjomba ningali nayo. Siku hizi ni redio tu, hukaa katika dirisha la darasa langu la historia. Kila mwaka waingiapo wanafunzi wapya huichomeka na kuilinganisha mwanzoni mwa kipindi, na kabla ya kutoka huwataka waeleze kwa nini imebaki nyuma. Wengine husema ni mbovu, wengine husema ni kuukuu. Nami huwauliza swali lile nililoulizwa mlangoni, kisha tunaanza somo.